Skripti ya Kwanza: Kuandika Usichowahi Kukisoma

Kijana wa Kitanzania anapomaliza Kidato cha Nne huwa ameshachambua tamthilia kadhaa. Wengi wamepitia Kilio Chetu na Orodha, na wanaoendelea hadi Kidato cha Sita hukutana na Kivuli Kinaishi ya Said Ahmed Mohamed au Morani ya Emmanuel Mbogo. Mwenzake wa Kenya amekesha na Kigogo ya Pauline Kea au Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, akitafuta maudhui na mbinu za lugha. Riwaya wamesoma, mashairi wameyahesabia vina na mizani. Kisha mmoja wao anaingia chuo, anachukua somo la uandishi wa filamu, na baada ya wiki chache anaambiwa alete skripti ya dakika kumi. Anakaa mbele ya kompyuta kuandika kitu ambacho hajawahi kukiona kwa Kiswahili hata ukurasa mmoja.

Nimesoma skripti nyingi za wanafunzi, na kwa maoni yangu hapo ndipo udhaifu wake mwingi unapoanzia. Mara nyingi lawama hutupwa kwenye kipaji, au kwenye vifaa, au kwenye uvivu wa vijana wa siku hizi. Siikubali hata moja kati ya hizo. Tamthilia huchapishwa na kuwekwa rafuni. Skripti hubaki kwenye kompyuta ya mwongozaji, na filamu ikishatoka hakuna anayeiulizia tena. Girlfriend ya mwaka 2003, ambayo wengi huitaja kuwa ndiyo iliyofungua njia ya Bongo Movie, imetazamwa na maelfu ya watu, lakini mwanafunzi wa leo anayetaka kujua ilivyokuwa kwenye karatasi aende wapi? Akiingia mtandaoni anapata skripti za Marekani, kwa Kiingereza, zenye watu wanaoishi na kuzungumza kwa namna isiyo yake. Basi anajaza pengo kwa alivyo navyo: tamthilia ya darasani, tamthilia ya televisheni, na filamu ya kigeni aliyoitazama ikisimuliwa kwa Kiswahili kwenye kibanda cha video. Vyote vitatu vimemfundisha mambo ya maana, na vyote vimemwachia mazoea ambayo skripti haiyataki.

Tuanze na jukwaa, kwa kuwa ndilo lenye nguvu zaidi. Jukwaa haliwezi kubeba Vita vya Majimaji kwa ukubwa wake, ndiyo maana Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969) hutegemea sana yale wanayoyasema wahusika. Mtazamaji aliyekaa safu ya nyuma haoni kidole cha mwigizaji kikitetemeka, anasikia sauti. Aliyelelewa na maandishi ya aina hiyo huona mhusika ni mtu anayesema, na kwamba habari isiyosemwa haijafika. Matokeo yake ni sini kama hii, ambayo nimeitunga hapa lakini mwalimu yeyote wa somo hili ataitambua:

MAMA: Mwanangu Idi, kama unavyojua, tangu baba yako afariki miaka mitatu iliyopita, mimi nauza maandazi ili nikulipie ada ya chuo.

IDI: Ni kweli mama. Nakushukuru sana kwa jitihada zako.

Kisha Idi anatoka nje, anakutana na rafiki, na kumweleza kwamba chuo kimemsimamisha kwa kukosa ada, kwamba sasa anaendesha bodaboda, na kwamba anaogopa kumwambia mama yake. Kurasa tatu zimekwisha, tumeelezwa kila kitu, na hakuna tulichokiona. Mama na mwana wanaambiana mambo wanayoyajua wote wawili, jambo ambalo hakuna mama wala mwana afanyaye nyumbani. Wanaambiwa wasikilizaji waliojificha nyuma ya ukuta.

Sasa chukua watu walewale na siri ileile:

NDANI. CHUMBA CHA MAMA – ALFAJIRI

Mama anapiga pasi ya mkaa shati jeupe. Kabla ya kuirudisha kwenye shati anaipeleka mlangoni na kupuliza majivu nje. Kwenye stuli kuna ndoo ya maandazi iliyofunikwa kitambaa.

Idi anaingia akiwa na fulana. Anavaa shati.

MAMA: Na ule mtihani?

IDI: Umesogezwa mbele.

MAMA: Tena?

Idi anafunga vifungo. Mama anachomoa noti ya elfu mbili kwenye pindo la kanga, anaitia kwenye mfuko wa shati la Idi na kuufunga mfuko kwa kifungo.

NJE. KIJIWE CHA BODABODA – ASUBUHI

Idi anavua shati. Analikunja taratibu kwa kufuata mistari ya pasi, analiweka chini ya kiti cha pikipiki. Anavaa reflekta.

Hakuna aliyetaja ada, wala marehemu, wala kusimamishwa chuo. Lakini neno “tena” limetuambia kwamba uongo huu si wa leo. Majivu yanayopulizwa mlangoni yanatuambia mama huyu anavyolitunza shati lile, na namna Idi anavyolikunja inatuambia kwamba anajua thamani ya kazi ya mama yake, na ndiyo maana anaumia. Mtazamaji ameunganisha mwenyewe, na kwa kuwa ameunganisha mwenyewe, ameamini. Habari iliyobaki, kama ile ya baba, inaweza kusubiri au isisemwe kabisa.

Hapa kuna kanuni moja ambayo ningependa kila mwanafunzi aibandike ukutani: andika kinachoonekana na kinachosikika tu. “Idi anakumbuka ahadi aliyompa baba yake na moyo unamuuma” ni sentensi nzuri ya riwaya, lakini mpiga picha hana pa kuielekeza kamera. Skripti ni maandishi ya kazi. Anaisoma mtu wa sauti ili ajue kama kutakuwa na pikipiki, anaisoma mtu wa mavazi ili atafute shati zaidi ya moja, anaisoma mwigizaji ili ajue mikono yake ifanye nini wakati mdomo umenyamaza. Kosa jingine la aina hiyo ni la wakati. Sisi tumekulia kwenye hadithi, na hadithi zetu hutembea na “ka”: akaingia, akaketi, akasema. Mwanafunzi akizama katika uandishi, anajikuta ameteleza kwenye usimulizi huo. Skripti hukaa kwenye “na” mwanzo hadi mwisho, anaingia, anaketi, kwa sababu kinachoandikwa kinatokea mbele ya macho sasa hivi.

Urithi wa pili ni wa televisheni na Bongo Movie, nao unahitaji kuzungumzwa kwa heshima. Vikundi kama Kaole, vilivyojenga jina lake kupitia michezo ya ITV na kutoa wasanii kama Steven Kanumba na Vincent Kigosi, vilifanya kazi kwa namna iliyoendana na mfuko na muda. Hadithi ilikubaliwa, sini zikapangwa, na waigizaji wengi wakajaza maneno wenyewe mbele ya kamera. Utaratibu huo ulitoa mazungumzo yenye uhai ambayo maandishi mengi ya wasomi hayajayafikia hadi leo, na ulijenga soko pale ambapo hapakuwa na benki wala serikali iliyotaka kuweka fedha. Lakini haukuacha maandishi nyuma yake. Isitoshe, biashara ya kuuza filamu moja kwa sehemu ya kwanza na ya pili ilifanya urefu uwe faida: gari linaingia getini, linaegeshwa, mtu anashuka, anatembea hadi mlangoni, anabisha, anafunguliwa. Mwanafunzi aliyekua akitazama hayo huyaandika yote, kwa sababu kwake ndivyo filamu ilivyo. Tamthilia za sasa kama Huba na Juakali zina mahitaji yake pia. Zinapaswa kutoa vipindi vingi kwa haraka, na sebule yenye watu wawili wanaogombana ni njia halali ya kulifanya hilo. Filamu fupi ya dakika kumi haina haja ya sebule hiyo.

Urithi wa tatu, wa wasimulizi wa filamu za kigeni kama DJ Afro wa Kenya, sitakawia nao. Msimulizi hodari huongeza utamu, lakini hutuzoesha kuambiwa tunachokiona. Skripti nyingi za wanafunzi zina sauti ya mhusika inayosimulia juu ya picha, na mara nyingi ukiiondoa hakuna kinachopotea.

Lugha ndiyo sehemu ninayoiona tajiri kuliko zote, na ndiyo inayofundishwa kidogo kuliko zote. Vyuo vyetu vingi hufundisha kwa Kiingereza. Kwa hiyo mwanafunzi huandika maelezo ya sini kwa Kiingereza na mazungumzo kwa Kiswahili, au huandika yote kwa Kiingereza kisha kuwaachia waigizaji watafsiri siku ya kurekodi. Njia zote mbili zinamwibia. Anayefikiri mazungumzo kwa Kiingereza huwapa watu wa Tandale au Likoni hisia za kuazima. Na anayeandika kwa Kiswahili naye huingia kwenye mtego wa darasani: dereva wa daladala anazungumza kama msoma taarifa ya habari, kwa sababu miaka yote mwanafunzi huyo alikatwa alama kila alipoandika kama watu wanavyosema. Skripti inataka kinyume chake. Konda wa Nairobi aseme Sheng yake, bibi wa Makunduchi aseme Kimakunduchi chake, mchuuzi wa Lubumbashi aseme Kiswahili cha Lubumbashi. Kazi ya mwandishi ni kusikia tofauti hizo na kuziandika kiasi kwamba hata ukiziba majina ya wahusika, msomaji amjue anayesema.

Tazama salamu. Katika skripti za kwanza, wahusika husalimiana kikamilifu: hujambo, sijambo, habari za nyumbani, nzuri, za watoto, wazima. Nusu ukurasa umekwenda, na mwalimu anaagiza salamu zifutwe. Ushauri huo ni sahihi kwa filamu za nchi ambako salamu ni neno moja. Kwetu salamu ni mahali ambapo mahusiano hujulikana. Binti anayeingia sebuleni kwa baba yake wa kambo na kusema “mambo” ametangaza vita. Mzee anayeitikia “marahaba” bila kuinua macho kwenye gazeti ametoa hukumu. Kijana aliyekuwa akimwamkia jirani kila siku, leo akapita kimya, amebadilika, na mtazamaji wa Kiswahili kutoka Tanga hadi Muscat ataliona hilo kabla hajaelezwa. Ninachomshauri mwanafunzi ni kuifuta kila salamu isiyobeba kitu, na kuibakiza ile ambayo ndani yake kuna ugomvi, deni au mapenzi. Mwandishi wa Hollywood hana chombo hicho.

Vitabu vya ufundi navyo vina mahali pake. Kile cha Syd Field, Screenplay, kilichotoka mwaka 1979, kilieneza mpangilio wa sehemu tatu na wazo la kwamba hadithi inapaswa kugeuka karibu na ukurasa wa 30 katika skripti ya kurasa 120. Kinasaidia kwa filamu ndefu. Lakini mwanafunzi huletewa mpangilio huo kwenye ubao siku ya kwanza, kisha huambiwa aandike kurasa kumi, na anajaribu kubana sehemu tatu, mageuko mawili na kilele ndani ya dakika kumi. Anapata filamu yenye ajali, usaliti, ugonjwa na msamaha, bila sini moja iliyopumua.

Afadhali angeitazama Borom Sarret ya Ousmane Sembène, iliyotengenezwa Dakar mwaka 1963. Sembène alikuwa tayari mwandishi wa riwaya, kisha akaenda Moscow kujifunza filamu kwa sababu aliona wengi wa watu wake hawasomi vitabu. Filamu hiyo ina dakika 20 hivi na inamfuata mwendesha gari la farasi kwa siku moja. Abiria wanapanda na kushuka, wengine hawalipi. Msifu wa koo anaimba nasaba ya mababu wa mwendesha gari, naye mwendesha gari kwa fahari anampa pesa aliyochuma. Baba mmoja anabeba maiti ya mtoto wake na kuzuiwa makaburini kwa kukosa karatasi. Mwishowe tajiri mmoja anamshawishi ampeleke mtaa wa wakubwa, ambako magari ya aina yake hayaruhusiwi, na polisi wanamnyang'anya gari. Anarudi nyumbani mikono mitupu. Hakuna mauaji wala siri iliyofichuka, lakini kila sini inamwondolea kitu, na jiji zima, pamoja na uhuru wake mpya, linajitokeza kupitia mtu mmoja anayetafuta chakula cha jioni. Kasoro yake, ukiniuliza, ni ile sauti ya mhusika inayosimulia karibu muda wote, na mwanafunzi atajifunza mengi akijaribu kuiandika upya bila sauti hiyo.

Nairobi Half Life ya David “Tosh” Gitonga (2012) ina somo la namna ya kufungua filamu ndefu. Tunamkuta Mwas kijijini akiuza DVD, na ili kuziuza anaigiza filamu hizo mbele ya wateja, akijifanya askari na maadui kwa mpigo. Katika dakika hizo chache tumejua kipaji chake, umaskini wake, na ndoto itakayompeleka Nairobi, na hakuna aliyesema “Mwas anataka kuwa mwigizaji”. Akifika mjini ananyang'anywa mali aliyobeba, na filamu imeshika njia yake. Mwanafunzi aliyeelewa kwa nini sini ya DVD inafanya kazi ameelewa nusu ya somo. Filamu hiyo ilitokana na mafunzo ya One Fine Day Films mjini Nairobi, ambayo yalitoa pia Supa Modo ya Likarion Wainaina (2018). Maisha Film Lab, iliyoanzishwa na Mira Nair huko Kampala mwaka 2004, nayo imewapitisha vijana wengi wa kanda hii. Ukitazama kwa nini mafunzo kama hayo huzaa matunda haraka kuliko mihadhara ya muhula mzima, utaona kwamba huko skripti husomwa na wengine, huchambuliwa mezani, na kuandikwa upya mara kadhaa kabla kamera haijaguswa.

Muundo wa ukurasa haupaswi kumtisha mtu. Kichwa cha sini kinasema ndani au nje, mahali gani, mchana au usiku. Maelezo mafupi yanafuata. Jina la anayesema linakaa katikati juu ya maneno yake. Herufi ni Courier ya ukubwa wa 12, na kwa kawaida ukurasa mmoja huhesabiwa dakika moja. Trelby ni programu ya bure na inatosha kabisa. Hesabu ya ukurasa kwa dakika, hata hivyo, imetoka kwa Waamerika, na simshauri mtu aiamini kabla hajaipima. Soma skripti yako kwa sauti, kwa mwendo wa wahusika wako, saa ikiwa mezani, ukijumlisha na muda wa mama kupuliza majivu.

Kusoma kwa sauti ndilo zoezi ambalo halina mbadala. Waite wenzako, mgawie kila mmoja mhusika, wewe usisome chochote. Kaa na kalamu. Msomaji akijikwaa kwenye sentensi, sentensi ndiyo yenye kosa. Wakicheka pasipotakiwa, weka alama. Wakianza kuangalia simu, ujue ukurasa huo hauna jambo linaloendelea. Wanafunzi wengi hulikimbia zoezi hili kwa kuogopa kuibiwa hadithi. Naelewa hofu hiyo, lakini hakimiliki hailindi wazo la mwana anayemdanganya mama yake. Hulinda namna ulivyoliandika. Andika, weka tarehe, sajili kwenye ofisi ya hakimiliki, COSOTA kwa Tanzania au KECOBO kwa Kenya, ikiwa unataka uhakika, kisha isomwe na watu.

Na uandike ukijua utakachoweza kurekodi. Sini ya usiku inataka taa na umeme, pengine jenereta yenye kelele. Sokoni utahitaji ruhusa na utapata watu wanaoangalia kamera. Kila mahali papya ni nusu siku ya kuhamisha vifaa. Wahusika wawili au watatu, sehemu mbili, siku moja: ndani ya mipaka hiyo mwanafunzi anaweza kutengeneza filamu nzuri kwa kamera ya kuazima. Skripti ya kwanza ya kurasa 110 yenye mapigano bandarini na harusi mbili haitarekodiwa na mtu, na asiyewahi kuona maneno yake yakiigizwa hawezi kujua yalikosea wapi.

Nirudi kwenye rafu tupu. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji (2021) imetokana na riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999 ambayo wanafunzi wengi wameisoma, na filamu ilifika hadi tamasha la Toronto. Fikiria darasa ambalo riwaya iko mkono wa kulia, skripti mkono wa kushoto, na filamu ukutani, wanafunzi wakifuatilia kilichoachwa, kilichohamishwa, na sentensi ipi ya Shafi iliyogeuka kuwa mtazamo wa jicho tu. Sijui somo bora zaidi ya hilo, na halihitaji fedha nyingi. Linahitaji skripti iwepo.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa waongozaji na watayarishaji wa Dar es Salaam, Nairobi, Zanzibar na Kampala: filamu yako ikishamaliza mzunguko wake, peleka nakala ya skripti kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, TaSUBa kule Bagamoyo, Chuo Kikuu cha Kenyatta, au chuo chochote kilicho karibu nawe. Peleka pamoja na rasimu zilizokataliwa, maana hizo hufundisha zaidi. Nawe mwanafunzi, usisubiri. Chagua filamu ya Kiswahili unayoipenda, keti nayo, simamisha kila baada ya sekunde chache, na iandike skripti yake kwa mkono wako, sini kwa sini. Ukimaliza utakuwa umesoma skripti ya kwanza ya Kiswahili maishani mwako. Ya pili iwe yako.